Kompyuta Kuukuu na Linux Nyepesi Mjini Kolwezi

Kompyuta nyingi huachwa zikiwa bado zima. Prosesa zake hupiga hesabu kama zilivyopiga siku zilipotoka kiwandani, vioo vyake huwaka na kibodi zake huandika. Kinachobadilika ni programu, ambazo kila baada ya miaka michache hutolewa upya zikiwa nzito zaidi, hadi mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inaanza kujikokota na mwenyewe anaamini kwamba imekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 hali hiyo ilipata sura rasmi, kwani ndiyo siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 2015. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na unapoacha kupokea masahihisho ya usalama, kila kasoro inayogunduliwa baadaye hubaki wazi kwa virusi na kwa wezi wa data. Mrithi wake, Windows 11, hudai RAM ya gigabaiti 4, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ambayo kwa sehemu kubwa huanzia miaka ya 2017 na 2018, hivyo mashine zisizo na ubovu wowote zimejikuta zimefungiwa nje.

Suala hilo linaugusa mji wa Kolwezi kwa njia mbili. Kwanza, Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa, ni mji ambao makampuni makubwa ya migodi hununua kompyuta mpya, ilhali shule, zahanati, parokia, vyama vya wachimbaji wadogo na vibanda vya kuchapa na kufotokopi katika komini za Dilala na Manika hutegemea mashine za mkono wa pili, zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia au kuletwa na jamaa wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa. Pili, ardhi ya Lualaba ndiyo inayotoa sehemu ya madini ambayo kompyuta hizo zimetengenezwa kwayo. Kwa sababu hizo mbili, swali la namna ya kuirefushia kompyuta maisha lina haki ya kujibiwa kwa makini mjini humo, na jibu lililo bora zaidi kwa sasa ni Linux nyepesi.

Madini yanayoondoka, mashine zinazorudi

Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu zinazochajiwa, ambazo upande wake chanya ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa lithiamu na kobalti, na tangu hapo kompyuta mpakato na simu zikaanza kuitegemea kobalti. Mwaka huohuo Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya kampuni ya kikoloni ya Union Minière, lilikuwa likiporomoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, pembeni mwa Kolwezi, ilikuwa imeanguka Septemba 1990 na kuukata mshipa wa uzalishaji wake. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na chimbuko lake ni ukanda wa shaba wa Lualaba na Katanga ya Juu. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, baada ya kobalti kugunduliwa mwaka 2014 chini ya nyumba za watu, wakazi walichimba mashimo ndani ya nyua zao wenyewe.

Madini hayo husafiri mbali, husafishwa, huingia katika betri na bodi za saketi, kisha sehemu ndogo yake hurudi Kolwezi ikiwa ndani ya kompyuta mpakato iliyotumika miaka saba au minane katika ofisi ya Ulaya. Wakati huohuo, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za kielektroniki katika mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorejelewa kwa utaratibu unaojulikana. Kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya kompyuta ni mwaka ambao jasho lililotoa madini yake linaendelea kuleta faida, na ni mwaka ambao betri na bodi zake hazitupwi jalalani au kuchomwa moto karibu na makazi ya watu.

Linux na familia yake

Linux yenyewe ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Alichokiandika kilikuwa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski, nacho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ambao Mmarekani Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983 kwa lengo la kuunda mfumo ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Ruhusa hiyo imo katika leseni yenyewe, kwa hiyo shule inayosakinisha Linux katika mashine arobaini haivunji sheria yoyote wala hailipi ada, na fundi anayemnakilia mwenzake hafanyi wizi.

Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji, ndiyo sababu vikundi mbalimbali hukifungasha pamoja na programu za kila siku na kuunda mkusanyiko ulio tayari kusakinishwa. Debian, mkusanyiko ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na kuendeshwa hadi leo na watu wanaojitolea, umekuwa msingi wa mikusanyiko mingine mingi, ikiwemo Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, iliyofuata mwaka 2006. Juu ya mkusanyiko hukaa mazingira ya eneokazi, yaani madirisha, menyu, ikoni na upau ambavyo mtumiaji huviona kwenye kioo na kuvibofya, na hapo ndipo uzito wa mfumo hupatikana au huepukwa. Mazingira ya GNOME, yenye madoido mengi ya picha, huweza kutumia takriban gigabaiti moja ya RAM au zaidi kabla programu yoyote haijafunguliwa. Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, pamoja na LXQt, kwa kawaida huridhika na karibu nusu ya kiasi hicho. Na mikusanyiko kama antiX, ambayo hutumia kisimamizi cha madirisha tu badala ya mazingira kamili, huweza kushuka hadi karibu megabaiti mia mbili.

Ikumbukwe kwamba RAM ni kumbukumbu ya muda, ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, na inapojaa mfumo hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi hiyo kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi mara nyingi. Ndiyo sababu kompyuta huganda pale mtumiaji anapofungua ukurasa wa nne au wa tano wa intaneti, hata kama prosesa yake bado ina nguvu ya kutosha.

Kuchagua kwa kipimo cha mashine

Kipimo cha kwanza, basi, ni RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 4 huimudu Linux Mint iliyo na mazingira ya Xfce, ambayo hupangwa kwa namna isiyomsumbua mtu aliyezoea Windows, kwa kuwa menyu iko kwenye kona ya chini na madirisha hufungwa na kupunguzwa kwa vitufe vilevile. Yenye gigabaiti 2 inafaa kupewa Debian au MX Linux pamoja na Xfce au LXQt, na yenye gigabaiti 1 au pungufu hubaki na antiX au Puppy Linux, mkusanyiko ulioanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, ambao hujipakia wote ndani ya RAM na unaweza kufanya kazi kutoka kwenye flashi hata pale diski ya kompyuta imekufa kabisa.

Kipimo cha pili ni aina ya prosesa. Karibu kompyuta zote za ofisini zilizotengenezwa tangu mwaka 2008 zina prosesa ya biti 64, lakini mashine kongwe zaidi, pamoja na baadhi ya mpakato ndogo za miaka hiyo, ni za biti 32, na mlango wa mashine hizo unazidi kufungwa: Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya mwisho kusakinishwa juu yake, kwani Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Matoleo ya antiX ya biti 32 bado yanazihudumia, na mwenye mashine ya namna hiyo anapaswa kuitengea kazi nyepesi, kama kuandika barua, kuweka hesabu au kufundishia watoto kutumia kibodi.

Jambo moja lisifichwe kwa wasomaji: Linux huupunguza uzito wa mfumo, lakini haiwezi kuupunguza uzito wa intaneti. Tovuti za siku hizi zimejaa video, matangazo na programu zinazojiendesha zenyewe, na kivinjari kama Firefox peke yake huweza kutumia RAM kuliko mfumo wote uliobaki. Dawa yake ni kufungua kurasa chache kwa wakati mmoja, kuongeza kwenye kivinjari kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, na kuwasha zram, mbinu ya kiini cha Linux inayobana data iliyomo ndani ya RAM ili nafasi ileile ibebe kazi kubwa zaidi.

Vumbi, diski na betri ndogo

Kabla ya kugusa programu, mashine yenyewe inahitaji huduma. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la Kolwezi, linalotimuliwa na malori ya migodi, huingia kila mahali, na ndani ya kompyuta hujikusanya kwenye feni na katikati ya mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Prosesa inayochemka hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mashine inayodhaniwa kuwa imechoka mara nyingi imezibwa pumzi tu; fundi huifungua, huyasafisha mapezi kwa brashi laini na hewa, huondoa pasta kavu iliyo juu ya prosesa na kupaka mpya, na mara nyingi joto hushuka papo hapo.

Hatua ya pili, iliyo na faida kubwa kuliko zote, ni kubadilisha diski ngumu ya kuzunguka kwa diski ya SSD, ambayo huhifadhi data katika chipu bila sehemu yoyote inayosogea. Diski ya kuzunguka husubiri sindano yake ifike mahali data ilipo, ilhali SSD huifikia karibu mara moja, na hata SSD ndogo na ya bei nafuu huigeuza kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nzima kuwaka ikawa tayari kwa sekunde chache. Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 20 za diski, kwa hiyo SSD ya gigabaiti 120 huacha nafasi tele. Pale pesa inaporuhusu, kuongeza RAM kutoka gigabaiti 2 hadi 4 hufuata kwa umuhimu, nayo huweza kuchomolewa katika mashine nyingine iliyoharibika kioo.

Hatua ya tatu hudharauliwa na wengi. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, kwa kawaida ya aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati imezimwa. Betri hiyo ikiisha, kompyuta huwaka ikiamini kwamba iko miaka mingi nyuma, na kivinjari hukataa kufungua tovuti za benki, barua pepe na hata za Debian yenyewe, kwa kuwa tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine iliyopotea tarehe vyeti hivyo huonekana batili. Watumiaji wengi huilaumu Linux au mtandao kwa tatizo ambalo huondolewa na betri inayouzwa katika duka lolote la saa.

Siku ya kusakinisha

Usakinishaji huanza kwa faili moja kubwa yenye mkusanyiko wote, ambayo kwa Linux Mint huwa na gigabaiti takriban 3. Kwa mnunuzi wa mega hicho ni kiasi kinachouma, lakini faili ikishapakuliwa mara moja hunakiliwa kutoka flashi hadi flashi bila gharama, mradi kila nakala ihakikiwe kwa kulinganisha alama yake ya SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao hubadilika endapo hata biti moja ya faili imeharibika. Faili hiyo huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, kisha kompyuta huwashwa huku kitufe cha kuchagua chanzo kikibonyezwa, ambacho katika mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12 na katika za HP ni F9.

Linux huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na fursa hiyo itumiwe ipasavyo, kwani ndipo huonekana kama sauti inatoka, kama kioo kina rangi sahihi, na hasa kama Wi-Fi inakamata, kwa kuwa baadhi ya kadi za Wi-Fi, zikiwemo nyingi za Broadcom, huhitaji programu za nyongeza. Debian ilirahisisha jambo hilo kwa kuanza kuziweka programu za namna hiyo ndani ya kisakinishi chake kuanzia toleo la 12. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha, nyaraka zote za zamani zinapaswa kuwa zimenakiliwa mahali pengine, kwa kuwa kuchagua kufuta diski nzima ni uamuzi usio na marejeo.

Swali la kibodi, ambalo kisakinishi huuliza kwa mstari mmoja tu, lina uzito wa pekee mjini Kolwezi, ambako mashine kutoka Dubai na Afrika Kusini huwa na mpangilio wa QWERTY huku zile za Ubelgiji na Ufaransa zikiwa na AZERTY. Anayeacha chaguo la Kiingereza kwenye kibodi ya AZERTY akibonyeza A huandika q, akibonyeza M hupata nukta na mkato, na tarakimu za nywila yake hutoka bila kitufe cha Shift ilhali yeye amezoea kukishikilia, hivyo hujifungia nje ya mashine yake siku ya kwanza. Hata kati ya Ubelgiji na Ufaransa pana tofauti: alama ya @ ya anwani za barua pepe hupatikana kwa AltGr na 2 kwenye kibodi ya Kibelgiji, lakini kwa AltGr na 0 kwenye ile ya Kifaransa. Kwa upande wa saa, eneo la kuchaguliwa ni Lubumbashi, ambalo liko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa.

Lugha ya menyu kwa wengi itakuwa Kifaransa, ambacho kimetafsiriwa kikamilifu, lakini Kiswahili nacho kina historia katika programu huria, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwezi Desemba 2004. LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010 na ambayo huja pamoja na mikusanyiko mingi ya Linux, ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ambayo ni msaada wa kweli kwa mwalimu anayeandaa mitihani.

Umeme, mtandao na virusi

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950, na laini ya umeme yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 inaleta nguvu kutoka Inga hadi Kolwezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini sehemu kubwa ya umeme huo huenda migodini na mitaa huzoea kukatiwa. Katika mazingira hayo kompyuta mpakato kuukuu, ambayo kwa kawaida hutumia wati 20 hadi 40, humfaa mwenye paneli ndogo ya jua kuliko ya mezani, ambayo pamoja na kioo chake huweza kufikia wati 100. Linux hutumia pia mfumo wa faili wa ext4, ambao huandika kumbukumbu ya mabadiliko ya muundo wake kabla ya kuyatekeleza, hivyo umeme ukikatika ghafla diski hurejea katika hali nzuri mara nyingi bila msaada wa fundi, ingawa barua ambayo haikuhifadhiwa itakuwa imepotea.

Mtandao ukiwa ghali, maktaba inaweza kuwekwa ndani ya mashine yenyewe. Programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, huhifadhi Wikipedia ya Kifaransa au ya Kiswahili kwenye diski na kuisoma bila intaneti, na GCompris huwapa watoto michezo ya kujifunzia hesabu, herufi na jiografia. Katika vibanda vya kuchapa, ambako flashi moja hupita mikononi mwa wateja wengi kwa siku, virusi vinavyoficha faili na kuacha njia za mkato za uongo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na havijiendeshi ndani ya Linux. Mhudumu huviona kama faili za kawaida na kuvifuta.

Mipaka na njia ya kuanzia

Linux haifai kila kazi. Programu za kupanga migodi na kuchora mitambo, kama Surpac na AutoCAD, pamoja na programu nyingi za uhasibu zilizozoeleka katika nchi zinazotumia Kifaransa, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na ofisi inayozitegemea itunze angalau mashine moja kwa kazi hizo. Nyaraka za Word zenye mpangilio tata huweza kuyumba zikifunguliwa katika LibreOffice, kwa hiyo barua ya mwisho hutumwa vyema ikiwa katika muundo wa PDF. Printa nazo zijaribiwe mapema, kwa kuwa nyingi hukubali mara moja lakini baadhi ya zile za bei ya chini hazina programu ya kuziendesha.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ujuzi wa watu. Shule iliyowekewa Linux na mgeni aliyeondoka wiki iliyofuata hubaki na mashine zisizo na mlezi, na tatizo dogo la kwanza huzirudisha kabatini. Kwa hiyo shule ya Manika au ya Dilala yenye kompyuta kumi zilizolala ianze na mbili, ichague walimu wawili na wanafunzi kadhaa wa kuzifungua, kuzisafisha na kuzisakinisha kwa mikono yao wenyewe, iwaache wazitumie muhula mzima, iandike kwenye daftari kila tatizo na dawa yake, kisha izifikie nane zilizobaki ikiwa tayari ina mafundi wake na flashi zake. Kazi hiyo haihitaji kibali cha kampuni yoyote wala bajeti ya mradi mkubwa, na kijana atakayejifunza kuirudisha kazini kompyuta iliyoandikiwa kifo atakuwa amepata ufundi ambao Lualaba, yenye mashine nyingi na mafundi wachache, itauhitaji kwa miaka mingi ijayo.